Usasi wa Mbweha: Kuzuia Hasara au Anasa ya Wakubwa?

Mwezi wa Desemba 2025 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imekusudia kupiga marufuku kile kiitwacho usasi wa mburuzo katika England na Wales. Tangazo hilo liliamsha tena ugomvi ambao nchi ile imekuwa nao kwa miaka mingi juu ya mnyama mmoja mdogo, mbweha, na juu ya nani mwenye haki ya kumwua, kwa sababu gani na kwa njia gani.

Huenda msomaji wa visiwani akauliza ugomvi huo unatuhusu nini sisi tusio na mbweha. Jawabu ni kwamba tunao nguruwe mwitu wanaochimba muhogo, tunao kima, na tunao kunguru. Tunao wasasi wanaotoka na mbwa wao kwenda kusaka nguruwe mashambani. Tena tunao maofisa wa Serikali ambao hupelekewa malalamiko na kutakiwa waamue mnyama yupi auawe, yupi ahifadhiwe, na silaha gani itumike. Waingereza wamebishana juu ya mambo hayo hayo hata wakalichosha Bunge lao. Si vibaya kujifunza kwa makosa ya mwingine, hata kama mwingine huyo ndiye aliyekuwa mtawala wetu.

Kwa maoni yetu funzo kubwa la ugomvi huo ni moja. Anayeua mnyama kwa hoja ya kuzuia hasara hana budi kukubali kupimwa kwa hoja hiyo hiyo. Ikiwa hasara haipungui, basi neno "kuzuia" limekuwa vazi tu la jambo jingine, na Serikali isiyotazama chini ya vazi hilo itatunga sheria ambayo haimlindi mkulima wala mnyama.

Kwanza yafaa ieleweke usasi wenyewe ulivyo. Kwa desturi ya zamani wasasi hupanda farasi, baadhi yao wakivaa makoti mekundu, nao hutanguliwa na kundi kubwa la mbwa waliofugwa na kufunzwa kufuata harufu ya mbweha. Mbwa hao hawakuchaguliwa kwa mbio kali za mara moja, bali kwa pumzi ya kustahimili mwendo mrefu. Mbweha hukimbizwa mashamba kwa mashamba mpaka aidha awapotee, au achoke akamatwe na kuraruliwa. Akijificha shimoni, mbwa wadogo huingizwa humo wamkabili, kisha watu huchimba wakamtoa na kumpiga risasi. Katika nchi za milima, kama Cumbria, kazi hii hufanywa kwa miguu, kwa kuwa farasi hawawezi kupita.

Watetezi wa usasi huo wana hoja, na si haki kuzificha. Wanasema mbweha huua wana-kondoo, kuku na ndege wa kufugwa kwa ajili ya mawindo. Kwamba mkulima ana haki ya kulinda mali yake. Kwamba vijijini wapo watu wanaopata riziki kwa kutunza farasi na mbwa. Na kwamba wakaao mijini hawana haki ya kuwaamulia wa shamba jinsi ya kuishi. Hoja hii ya mwisho ina nguvu yake. Hata hapa kwetu mwananchi wa kijijini huona uchungu anapoletewa amri na mtu ambaye hajapata kukesha akilinda konde lake.

Lakini hoja hupimwa. Mwezi wa Desemba 1999 Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya uchunguzi chini ya uenyekiti wa Lord Burns, mtumishi wa zamani wa Hazina, nayo ikatoa taarifa yake mwezi wa Juni 2000. Kamati hiyo haikutumwa kusema usasi ni halali au haramu. Ilitumwa kutafuta ukweli. Ilikuta makundi ya mbwa yaliyoandikishwa yapatayo 200 katika England na Wales, na ikakadiria kwamba makundi hayo huua mbweha kati ya 21,000 na 25,000 kwa mwaka. Juu ya hasara, ilisema kwamba wana-kondoo wanaouawa na mbweha, miongoni mwa wale ambao wangeweza kuishi, hawafikii asilimia 2. Na juu ya mateso ilisema bila kuzungusha kwamba usasi huo unamdhuru mbweha vibaya. Katika nchi za tambarare, ilisema, kumpiga mbweha risasi usiku kwa kumulika taa, ikiwa kazi hiyo inafanywa na mtu hodari, ni njia yenye mateso machache zaidi.

Mwaka uliofuata ukaleta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mwezi wa Februari 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia katika mifugo ya Uingereza, na usasi ukasimamishwa nchi nzima hadi mwezi wa Desemba ili watu na mbwa wasieneze maradhi. Kama ingekuwa kweli kwamba makundi yale ndiyo yanayowazuia mbweha wasizidi, basi baada ya muda huo mbweha wangetapakaa. Wataalamu walikwenda kuhesabu dalili zao katika maeneo ambayo walikuwa wamekwisha kuyapima kabla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la sayansi liitwalo Nature: hawakupata ushahidi wowote kwamba mbweha wameongezeka.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Mbweha hukaa kwa mipaka, kila jamaa na eneo lake. Ukimwua mmoja ukaacha chakula na maficho pale pale, hujapunguza kitu. Umefungua nafasi tu, na kijana wa jirani asiye na makao atahamia. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja anaweza kuua mbweha kila mwaka wa maisha yake, na kila mwaka akakuta wa kuua.

Historia nayo inatoa ushahidi wake. Katika karne ya 19, mbweha walipopungua katika sehemu fulani za England, wasasi wenyewe waliagiza wengine kutoka bara la Ulaya, nao wakauzwa katika soko la Leadenhall mjini London wapelekwe kuachiwa mashambani. Wenye ardhi walipanda vichaka ili mbweha wapate makao. Katika baadhi ya wilaya walijengewa hata mashimo ya kuishi, na kamati ya Lord Burns ilikuta desturi hiyo ingaliko. Mkulima aliyempiga mbweha risasi katika nchi ya wasasi alidharauliwa kama mtu aliyewaharibia wakubwa starehe yao. Sasa na tuulize: ni mkulima gani wa Micheweni au Makunduchi anayewajengea nguruwe zizi porini ili apate kuwasaka mwakani? Anayemhifadhi mnyama ili apate kumkimbiza hazuii hasara. Anafuga mchezo wake.

Sisi tuliolelewa katika siasa ya wakulima na wafanyakazi hatuoni haya kusema kwamba katika jambo hili palikuwa na tabaka. Farasi, mbwa, ardhi ya kupita na siku nzima ya kucheza si vitu vya kibarua. Hata hivyo tusirahisishe mambo kupita kiasi. Kamati ile ile ilikadiria kwamba ajira kati ya 6,000 na 8,000 za kutwa nzima zilitegemea usasi, na wengi wa waajiriwa hao hawakuwa makabaila. Vilevile ilikiri kwamba katika milima ya Wales na sehemu nyingine za juu, ambako kondoo hukaa wazi na bunduki peke yake haitoshi, mbwa wana kazi ya kweli ya kuwafukuza mbweha vichakani wapate kupigwa. Wabunge waliopiga kura kwa chuki ya koti jekundu peke yake nao hawakumtazama mbweha. Walimtazama aliyepanda farasi.

Hebu sasa tuitazame sheria, maana hapa ndipo maofisa wetu wanapopaswa kusoma kwa makini. Bunge la chini, ambalo tumezoea kuliita Baraza la Makabwela, lilipiga kura zaidi ya mara moja kuukomesha usasi huo. Baraza la Malodi likakataa. Tarehe 22 Septemba 2002 watu wapatao 400,000 waliandamana mjini London kupinga mpango huo na kudai haki za watu wa shamba. Mwezi wa Septemba 2004 wapinzani watano walipenya hadi ndani ya ukumbi wa Bunge lenyewe. Hatimaye Makabwela walitumia Sheria za Bunge za mwaka 1911 na 1949, ambazo huwawezesha kupitisha mswada bila ya ridhaa ya Malodi, na Sheria ya Usasi ikapita tarehe 18 Novemba 2004. Ilianza kutumika tarehe 18 Februari 2005.

Baada ya vita vyote hivyo mtu angetazamia kwamba jambo limekwisha. Halikwisha. Sheria ilikataza kumsaka mnyama wa mwituni kwa mbwa, lakini ikaacha milango. Iliruhusu mbwa wawili kumfukuza mbweha kuelekea penye bunduki. Iliruhusu mbwa kumwinua mnyama ili akamatwe na ndege wa kuwinda, bila kuweka hesabu ya mbwa, na baadhi ya makundi yakaanza kutoka yakiwa na tai au bundi. Mlango mkubwa kuliko yote ukawa ni huo mburuzo. Mtu hutangulia akiburuza kitambaa chenye harufu, mara nyingi harufu ya mbweha, kisha kundi zima la mbwa huachiwa kuifuata. Mbwa wakikutana na mbweha wa kweli katika vichaka hivyo hivyo anamoishi, wakamwua, wenyewe husema: ni ajali, hatukukusudia.

Kwa mujibu wa sheria ile, bila ya kukusudia hakuna kosa. Tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tulifunzwa mapema kwamba tendo hufuata nia yake. Lakini tulifunzwa pia kwamba nia imo moyoni, na kwamba kadhi wa duniani huhukumu kwa yaliyo dhahiri. Sheria inayomtaka polisi athibitishe kilichomo moyoni mwa mtu aliyepanda farasi, katikati ya shamba, wakati wa baridi, ni sheria iliyomfunga mikono polisi mwenyewe. Tunasema sheria ni msumeno. Msumeno huu ulitoka kiwandani bila meno. Waziri Mkuu wa wakati ule, Tony Blair, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 2010 kwamba alikuja kujutia sheria hiyo.

Uskochi ilipita njia ile ile, ila iligeuka mapema zaidi. Ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2002, na wasasi wakaendelea kutoka na makundi makubwa kwa hoja ya kuwafukuza mbweha kuelekea kwenye bunduki. Mwaka 2016 jaji aitwaye Lord Bonomy aliipitia sheria hiyo akaonyesha udhaifu wake. Bunge la Uskochi likatunga sheria mpya mwaka 2023: mbwa wasizidi wawili, anayetaka zaidi aombe leseni na aeleze sababu, na usasi wa mburuzo ukakatazwa kwa jina lake. Ireland ya Kaskazini, kwa upande wake, iliukataa mswada wa kuukomesha usasi mwezi wa Desemba 2021. Mitego ya vitanzi nayo imepigwa marufuku Wales tangu 2023 na Uskochi tangu 2024, kwa kuwa kitanzi hakichagui shingo: hunasa mbweha, hunasa paka, hunasa mbwa wa mwenye shamba.

Yafaa ieleweke kwamba katika nchi zote hizo mbweha hakutangazwa kuwa mnyama asiyeguswa. Mkulima wa England bado anaweza kumpiga risasi anayemwibia kuku. Na wapo wakulima wengi waliogundua kwamba banda linalofungwa vizuri magharibi, ua wa waya wa umeme, na kuwaingiza ndani kondoo wanaokaribia kuzaa huokoa mali zaidi kuliko mbio za siku nzima. Njia hizo hazina tarumbeta wala koti jekundu, na labda ndiyo sababu hazikuzungumzwa sana katika mabishano.

Asije mtu akadhani tunasema kwamba kuua mnyama ni kosa siku zote. Upo mfano wa kisiwa ambao wasomaji wetu wataufahamu vizuri. Katika karne ya 19 walowezi wa Kiingereza walipeleka mbweha Australia kwa ajili ya mchezo huo huo wa kuwasaka. Mbweha wakaenea, wakafika hata kisiwa cha Phillip karibu na pwani ya Victoria, ambako pengwini wadogo hutaga ardhini. Ndege wale hawakupata kumjua adui wa namna hiyo, na makundi yao yakafutika moja baada ya jingine mpaka likabaki moja. Hapo mbweha alikuwa mgeni, hasara ilikuwa dhahiri, na kusudio lilikuwa moja: asibaki hata mmoja. Kazi ilifanywa kwa miaka mingi na watu wa kazi hiyo, kwa chambo, kwa bunduki na kwa mbwa waliofunzwa kunusa. Mwaka 2017 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbweha. Kipimo chao hakikuwa idadi ya mizoga. Kipimo kilikuwa pengwini.

Turudi nyumbani. Chui wa Unguja alikuwa mnyama asiyepatikana popote pengine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ulifanyika msako mkubwa dhidi yake, kwa kuwa alichukua mifugo na kwa kuwa wengi waliamini kwamba anafugwa na wachawi. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu waliona kwamba matumaini ya kumkuta hai ni madogo mno. Mifugo iliyoliwa haikuhesabiwa kwanza ikalinganishwa na njia nyingine za kuilinda. Hofu ilitangulia na silaha ikafuata. Hatusemi haya ili kuwalaumu wazee wetu, maana hofu ya mtu aliye peke yake usiku na mbuzi wake si jambo la kuchekwa. Tunasema kwa sababu aliyetoweka harudi kwa azimio la kikao.

Kima punju nao, ambao duniani kote wako Zanzibar tu, walilalamikiwa sana na wakulima wa minazi karibu na Jozani kwa kula vidaka. Wataalamu walikwenda wakahesabu, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1999. Waliona kwamba mavuno ya nazi hayakupungua kwa sababu ya kima hao. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi huanguka vyenyewe. Laiti bunduki ingelitangulia hesabu, tungelimwua mnyama ambaye leo anawaleta wageni, na mnazi usingeliongeza hata nazi moja.

Kunguru ni habari nyingine. Huyu ni mgeni, aliyeletwa mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka, naye amekuwa balaa kwa ndege wa asili na kwa vifaranga vya wananchi. Kumpunguza ni haki. Lakini kampeni za miaka ya 1990 zilimpunguza sana, na ziliposita akarudi, kwa kuwa jaa lilibaki pale pale likimsubiri. Ni jambo lile lile la mbweha na nafasi iliyoachwa wazi.

Kutokana na haya tunawaomba maofisa wanaohusika wazingatie mambo matatu. La kwanza, malalamiko ya mkulima yapokewe kwa heshima, kisha hasara ipimwe shambani, kwa magunia na kwa vichwa, pamoja na mkulima mwenyewe na sheha wake, kabla ya kutoa ruhusa ya kuua. La pili, njia ichaguliwe kwa matokeo yake na kwa uchache wa mateso. Dini yetu inamtaka mchinjaji anoe kisu chake kwa ajili ya mnyama ambaye ni halali yake kumla. Sembuse mnyama tunayemwua kwa udhia tu. La tatu, sheria ikitungwa itaje tendo linalokatazwa na linaloruhusiwa kwa maneno ambayo mlinzi wa msitu anaweza kuyasimamia kwa macho yake: mbwa wangapi, mahali gani, msimu gani, kwa kibali cha nani. Isimwachie kazi ya kusoma nyoyo za watu.

Nao ndugu zetu wasasi wa nguruwe wasione kwamba tunawanyooshea kidole. Msasi anayeitwa na mkulima, akaenda kwenye konde lililovamiwa, na muhogo ukapona, ametoa huduma kwa jamii na anastahili shukrani. Tunalomwomba ni kwamba baada ya msako arudi tena kwenye konde lile lile, wiki chache baadaye, aulize kama nguruwe wamepungua. Waingereza walikaa miaka mingi bila kuuliza swali hilo. Walipoliuliza, jawabu halikuwapendeza wengi.